Ngoma Zisizo na Kazi

Nilikwenda Bujora kuiba ngoma. Usishtuke, ndugu msomaji, sikubeba nyundo wala gunia. Nilibeba daftari na kalamu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikihangaika na riwaya inayoanza usiku mtemi mmoja wa Usukuma anapofariki, na katika ukurasa wa kwanza kabisa ngoma inalia. Ukurasa huo niliuandika mara tisa. Siku nilipowasomea wenzangu kijiweni kwetu Mabatini, mshikaji mmoja ambaye huwa hana maneno mengi akauliza, "Hiyo ngoma ni ndefu au fupi? Imewambwa ngozi gani? Na anayeipiga ni nani, kila anayejisikia?" Nikabaki mdomo wazi. Akamalizia, "Basi hiyo umeisikia kwenye sinema."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Mimi ni Msukuma kwa baba na kwa mama. Nimezaliwa Mwanza, nimesoma hapa hapa mpaka kidato cha nne, na kijijini kwa bibi, upande wa Magu, nilikuwa nakwenda likizo tu. Kisukuma changu ni cha kusalimia na kuombea chakula. Bujora yenyewe nilishafika mara moja nikiwa darasa la nne, kwenye sikukuu ya Bulabo, na nilichokumbuka ni kimoja: mtu aliyevaa chatu shingoni kama skafu. Mambo mengine yote yalinipita.

Safari hii nikaenda siku ya kazi, wakati hakuna watu. Bujora iko jirani na Kisesa, kwenye barabara ya kwenda Musoma, mwendo usiofika kilometa 20 kutoka Mwanza mjini. Unashuka daladala Kisesa, unauacha mlio wa makonda nyuma yako, unapanda taratibu kuelekea kilimani kwenye mawe makubwa yaliyopandana, kama ilivyo kawaida ya mawe ya kwetu. Mara unaona paa za msonge, na majengo ya ajabu ambayo hujapata kuyaona katika mtaa wowote.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja mwembamba, kofia mkononi. "Mwangaluka," nikamwamkia kwa mbwembwe. Akaitikia, kisha akanimwagia Kisukuma kirefu kama treni ya mizigo. Nikacheka tu, kicheko cha mtu asiyeelewa. Akanitazama.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikataja ukoo na kijiji cha babu. Akatikisa kichwa pole pole. "Haya, tutumie Kiswahili. Lakini kila usipojua jina la kitu, uliza. Wageni wazungu wanauliza mpaka wanachosha. Nyinyi watoto wa hapa mnaona haya, mnapita mnapiga picha, mnaondoka."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimeshatoa simu tayari kupiga picha.

Historia ya mahali hapa inaanza na mtu aliyekuwa hodari wa kuuliza. Katika miaka ya 1950 alifika Bujora padre Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, David Clement. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, na mpaka leo wanaomtaja humwita hivyo. Tukumbuke wakati ule. Wamisionari wengi waliotangulia waliziona ngoma, hirizi na vibanda vya mizimu kuwa ni mambo ya giza. Aliyebatizwa alitarajiwa kuvitupa. Fumbuka alikwenda njia nyingine. Alijifunza lugha, akakaa na wazee, na pakawa na kamati ya wenyeji waliochunguza na kuandika mila, nyimbo na historia ya Wasukuma. Mwaka 1968 makumbusho yakafunguliwa. Yeye alifariki mwaka 1986, na kazi ikabaki mikononi mwa wenyeji.

Ukiingia kanisani hapo Bujora utaona alivyokuwa anafikiri. Kanisa ni la mviringo kama nyumba ya Kisukuma, na altare imetengenezwa kwa mfano wa kiti cha mtemi. Muumini wa Kisukuma haambiwi kwa maneno kwamba Mungu ni mfalme. Anaonyeshwa kiti anachokijua.

Tulianzia kwenye jengo la watemi. Nalo lina umbo la kiti cha kitemi, kwa hiyo kabla hujaona kitu ndani umeshaingia ndani ya kiti. Humo mna ngoma, ndizo nilizozifuata. Kubwa, nzito, za magogo yaliyochimbwa, ngozi imekakamaa kwa umri. Zimetoka katika tawala mbalimbali, maana Usukuma haukuwahi kuwa na mfalme mmoja. Ulikuwa na tawala nyingi ndogo ndogo, kila moja na mtemi wake na ngoma zake. Hata jina "Wasukuma" lilianza kama neno la kuelekeza tu: sukuma ni kaskazini, na jirani zetu Wanyamwezi ndio waliotuita watu wa kaskazini. Sisi tuliozoea kujivunia kabila hatukumbuki kwamba jina letu tulipewa na aliyekuwa amesimama kusini mwetu.

Nikamwambia mzee habari za riwaya yangu. Nikamsomea ukurasa wa kwanza, palepale mbele ya ngoma. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Umeandika vizuri, kijana. Ila ngoma ya mtemi si redio."

Akanieleza. Ngoma ya kitemi haikupigwa ovyo, na haikupigwa na kila mwenye mikono. Ngoma ndiyo ilikuwa utawala wenyewe. Mtemi hakujichagua. Walikuwepo banang'oma, watu wa karibu na ukoo wa kitemi, ambao walikuwa na sauti katika kumpata mtemi mpya. Hata neno ntemi wazee hulieleza kutokana na kutema, yaani kukata. Wengine husema ni kukata msitu kufungua nchi, wengine kukata mashauri. Pamoja na ngoma palikuwa na vitu vingine vya enzi, na mojawapo nilikitazama kwa muda mrefu: kipande cha kombe la konokono wa baharini, kilichokatwa mviringo. Bahari ya Hindi na hapa kwetu ni mbali! Kipande hicho kilipanda kwa miguu, mgongoni mwa wapagazi wa misafara, wakati Wanyamwezi na Wasukuma walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na bidhaa. Mtemi alivaa bahari ambayo pengine hakuwahi kuiona.

"Mzee," nikauliza, "hizi ngoma zilinyamaza lini?"

Akajibu bila kufikiri: "Zilipokosa kazi."

Nikapiga hesabu. Utawala wa machifu na watemi ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, ili taifa changa liwe na serikali moja badala ya viti mia. Makumbusho ya Bujora yalifunguliwa mwaka 1968. Miaka 5 tu katikati! Kwa hiyo waliozileta ngoma hizi walikuwa watu waliozisikia zikiwa kazini. Zilikuwa kama mfanyakazi aliyestaafishwa ghafla, akatafutiwa chumba cha kukaa. Sisemi watemi warudi. Babu yangu mwenyewe alikuwa mtu wa kawaida na sidhani kama alimlilia mtemi yeyote. Lakini nilielewa kitu: makumbusho hayahifadhi tu vitu vilivyokufa kwa uzee. Yanahifadhi pia vitu ambavyo kazi yake ilikatwa siku moja, kwa karatasi.

Tulipita haraka kwenye nyumba ya kawaida ya msonge, tukaona jiwe la kusagia lililolika katikati kama mgongo wa mtumbwi. Mikono mingapi ya wanawake imepita hapo, hakuna aliyehesabu. Tukapita kwa mganga, nfumu kwa Kisukuma, kwenye vibuyu na habari za kupiga ramli kwa kusoma matumbo ya kuku. Tukafika kwa mhunzi. Wahunzi mashuhuri wa pande hizi walikuwa Warongo, waliokuwa wakiyeyusha chuma upande wa Geita na Uzinza. Jembe lao halikuwa la kulimia tu, lilikuwa mahari na lilikuwa fedha. Mzee akacheka: "Zamani kijana akitaka kuoa, baba anahesabu ng'ombe na majembe. Wewe ungehesabu nini? Kalamu?"

Halafu tukaingia kwenye jengo la ngoma za kuchezwa, na hapo mzee akabadilika. Sauti ikapanda, kofia ikarudi kichwani.

Hadithi yake ndiyo hii. Kati ya karne ya 19 palikuwa na waganga wawili na wacheza ngoma, Ngika na Gumha. Walishindana nani mwenye dawa kali zaidi ya ngoma. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Wagika, wa Gumha wakaitwa Wagalu, na Usukuma ukagawanyika pande mbili, kama Simba na Yanga. Mpaka leo wapo. Mashindano yenyewe hayana saa wala kadi nyekundu. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huku na huku, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Ndiyo maana kila kundi lina manju wa kutunga nyimbo, lina mganga wa kuvuta watu, lina vituko. Wabayeye wanaleta chatu na nyoka wa sumu. Wabanungule, ambao asili yao ni wawindaji wa nungunungu, wana wanyama wao. Wengine wanarusha majembe juu na kuyadaka.

Kumbe yule mtu wa chatu niliyemwona darasa la nne hakuwa kichekesho. Alikuwa ananivuta nitoke kwa wenzake niende kwake, na alifanikiwa! Bulabo hufanyika mwezi Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Neno lenyewe ni maua. Maandamano ya kanisa yenye maua yakakutana na mashindano ya Wagika na Wagalu, na Fumbuka akawaacha waendelee.

Nikawaza habari zetu sisi tunaojiita waandishi. Tunalalamika kwamba watu hawasomi. Manju wa Kisukuma hana muda wa kulalamika. Watu wakihama, anaiona miguu yao ikiondoka, palepale, kabla wimbo haujaisha.

Mzee akanionyesha tena jambo moja kabla hatujatoka. Ngoma ya bugobogobo, ambayo nchi nzima inaijua kwa vikundi vya jukwaani, ilizaliwa shambani. Vijana walijipanga mstari, mpiga ngoma akakaa mbele yao, majembe yakapanda na kushuka kwa pamoja. Shamba la wiki liliisha kwa siku. "Wewe unatafuta ngoma ya mtemi," akaniambia. "Kwa ukoo ulionitajia, ngoma yenu ninyi ilikuwa ya kulimia. Kamuulize bibi yako, kama yupo."

Bibi yupo. Ana zaidi ya miaka 80. Haikuwa imenipitia akilini kumuuliza chochote.

Jumamosi iliyofuata nikaenda. Ila kwanza niseme habari ya mtu mmoja wa ng'ambo ya maji, maana nilikwenda na kitabu chake mfukoni. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika kwa Kikerewe hadithi ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, wanandoa waliotafuta mtoto kwa taabu. Alimaliza mwaka 1945. Ndani yake mna kila kitu: jinsi pombe inavyopikwa, jinsi mgonjwa anavyotibiwa, jinsi mkwe anavyosalimiwa. Hakupata wa kuchapa kitabu cha lugha yenye wasomaji wachache. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, uzeeni, na kikatoka Dar es Salaam mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981 bila kukishika mkononi. Kitereza hakuwa na jengo wala kiingilio. Lakini Bujora unaliona jiwe la kusagia, na kwa Kitereza unamwona anayesaga, na unajua ana huzuni gani.

Nilimkuta bibi amekaa chini ya mwembe anakata viazi vya michembe. Akanipa kisu nami nikate. Nikamuuliza habari ya ngoma.

"Nani kakwambia kuna ngoma?"

"Mzee mmoja wa Bujora. Alibahatisha tu."

Akacheka. Akasema ni kweli, ngoma ilikuwepo. Babu aliikuta kwa baba yake. Haikuwa ya mtemi, ilikuwa ya kulimia, ya vijana wa pale kijijini. Ngozi ya ng'ombe. Ilikaa nyumbani kwao kwa sababu babu ndiye aliyekuwa anaipiga, na siku za kulima yeye bibi ndiye aliyekuwa akiwapikia vijana wote. Akaniimbia kipande. Sauti ilikuwa imechakaa, lakini kisu chake kikaanza kukata viazi kwa mapigo ya wimbo, na mimi nikajikuta nakata hivyo hivyo.

"Iko wapi sasa?"

Kisu kikasimama.

Ilikuwa mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji. Kabla ya hapo Wasukuma waliishi wametawanyika, kila mji na ng'ombe wake na ua wake wa minyaa. Serikali ilitaka watu wakae pamoja, karibu na shule, zahanati na maji. Nia hiyo tulifundishwa darasani kwa mistari minne. Bibi alinieleza mstari wa tano. Waliambiwa siku. Lori likaja. Walibeba nguzo za nyumba, vyungu, watoto, nafaka iliyoweza kubebwa. Kihenge kilibaki na mtama ndani. Ngoma ilikuwa nzito na lori limejaa, babu akaiegemeza kwenye minyaa akisema atarudi kuichukua. Aliporudi mvua zilikuwa zimepita. Mchwa walikuwa wameshaimaliza.

Nilikuwa naandika haraka haraka, nimefurahi, mnajua furaha ile ya kupata kitu. Nikauliza, "Mliacha nini kingine?"

Akanyamaza muda mrefu. Kuku akapita. Halafu akasema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba chini ya minyaa ile ile walikuwa wamemzika mtoto wao wa kwanza. Wa kiume. Kabla ya baba yangu. Sikuwahi kusikia habari zake, na baadaye nilipomuuliza baba, naye alikuwa hajui.

Kuna hadithi moja tu ya Kisukuma niliyokuwa naijua vizuri, na aliyenisimulia ni bibi huyu huyu. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote wa nchi na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mwenye mimba. Akazaa Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza, watu wengine wako wapi? Akaambiwa wamemezwa. Akawa anakwenda porini, anaua panzi, anamletea mama: ndiye huyu Shing'weng'we? Siye. Anaua ndege: ndiye huyu? Siye. Mpaka siku aliyompata mwenyewe, akamuua, akampasua tumbo, na watu wote wakatoka wazima. Ila katika kupasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja. Yule bibi akamkasirikia sana mkombozi wake, mpaka akatafutiwa dawa na sikio likapona.

Utotoni sikuwa naelewa hilo sikio linatafuta nini katika hadithi nzuri namna ile. Siku hiyo chini ya mwembe nililielewa. Nilikuwa nimepasua, na nilikuwa nimekata.

Nikafunga daftari. "Nisamehe, bibi. Sitaandika."

Akanikata jicho. "Nani kakwambia usiandike? Andika ngoma. Andika kwamba tulikuwa na mji. Mtoto mtaje kwamba alikuwepo. Jina lake usiandike, hilo ni langu." Akaninyang'anya kisu: "Na hivi viazi umevikata vinene, havitakauka."

Ndugu zangu waandishi chipukizi, mnaona nimetii. Jina sijaliandika.

Nawaombeni mambo mawili. La kwanza, nendeni Bujora, au makumbusho yoyote yaliyo karibu nanyi, na mkifika ulizeni majina ya vitu, hata kama mnaona haya kama nilivyoona mimi. La pili, mkitoka hapo msiishie kupanda daladala ya kurudi mjini. Vitu vya makumbusho vimetulia, vitakungoja hata mwakani. Aliyevitumia hakungoji. Muulize pole pole, shika kisu umsaidie kazi yake, na akikukataza kitu, kubali.

Riwaya yangu bado haijaisha, lakini ukurasa wa kwanza nimeuandika mara ya kumi. Mtemi nimemtoa. Sasa inaanza na lori linaloondoka, na ngoma ya kulimia iliyoegemezwa kwenye minyaa. Niliwasomea kijiweni wiki iliyopita. Yule mshikaji asiye na maneno mengi akauliza swali moja tu:

"Ilikuwa na ngozi gani?"

"Ya ng'ombe," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, akasogeza kiti chake karibu. "Haya, endelea."